KIPANDE KIMERUDI, SASA KIMO NDANI YA SIMU

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi uliopita tulifika katika jambo la nne, yaani barua ya vijana wa kompyuta walioomba kutumia ofisi yetu kukutania. Ni vijana wa hapa Bungoma na Kitale waliorudi nyumbani baada ya kampuni zao za Nairobi kufungwa au kuwafuta kazi. Katibu alipomaliza kuisoma, ndugu mmoja alisimama akasema: "Hao si wafanya kazi wenzetu. Hao ni watu wa viti vya kuzunguka na kiyoyozi. Waache wajitafutie." Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka, na jambo likaahirishwa mpaka mkutano ujao.

Mimi sikupiga makofi. Lakini sikusema neno, na kwa kunyamaza kule naona haya. Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri nafasi katika ukurasa huu. Simtaji jina ndugu yule, maana ni mzee wangu, na ndiye aliyenifundisha kushika mtaimbo bila kuvunjika mgongo. Lakini katika jambo hili amekosea, na waliopiga makofi wamekosea pamoja naye.

Nianze na habari ya nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alisoma kompyuta hapa hapa Kibabii, katika Chuo Kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2015. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nane katika shule ya misheni, kwa hiyo siku ile alipovaa joho, sisi wote wa nyumba ile tulijiona tumevaa. Akaenda Nairobi kutafuta kazi. Akaona tangazo la kampuni moja changa, zile ambazo wao huziita staatapu. Jina lake silitaji.

Kwanza aliulizwa maswali mara tano, na watu watano mbalimbali, kwa simu. Kisha akaambiwa afanye kazi ya kujipima. Akafanya siku tisa, bila shilingi moja, akila mkate na chai katika chumba cha rafiki yake. Baadaye aliiona kazi ile ile aliyoifanya ikitumiwa na wateja wa kampuni. Ndugu zangu, sisi tunapomjaribu mtu katika gengi, twampa sululu asubuhi moja na macho yetu yatuambia. Hapana mtu anayetengeneza njia kilomita nzima kwa siku tisa halafu akaambiwa, asante, tulikuwa tunakutazama tu!

Hata hivyo aliajiriwa, tukafurahi. Dada yangu aliuza ndama ili mtoto apate kulipa kodi ya miezi miwili ya kwanza. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko ule waliokuwa wamesema, lakini aliambiwa asihuzunike, atapewa hisa. Kampuni ikikua, naye atakua. Nami nilipouliza hisa hizo ziko wapi, akanieleza ya kuwa mtu huanza kuzipata akitimiza mwaka mmoja. Aliambiwa pia kwamba pale hapana bwana na mtumishi, wote ni familia. Muda wa majaribio ulikuwa miezi mitatu. Ulipokwisha hakuna aliyemwita wala kumwuliza. Aliendelea hivyo hivyo akiitwa mtu wa majaribio, mwezi wa sita, mwezi wa tisa. Kazi ilianza saa mbili asubuhi na kwisha saa nne usiku, na Jumapili simu ililia akiwa kanisani.

Mwezi wa kumi na moja, saa nne na robo usiku, alipata ujumbe katika simu. Kampuni inabadili mwelekeo, yasema yamshukuru. Kabla hajamaliza kusoma alikuwa amekwisha kutolewa katika kundi la WhatsApp la kazini, na neno lake la siri halifungui kompyuta tena. Asubuhi mtu wa pikipiki alikuja kuichukua kompyuta yenyewe. Hisa zilikuwa zimebakiza mwezi mmoja.

Alishuka Kanduyi na mkoba wa kompyuta begani. Mimi nilikwenda kumpokea. Nikaushika mkoba nimsaidie kuubeba, nikaona hauna uzito. Ulikuwa na karatasi tu. "Khocha," akaniambia, "mkoba ni wangu, nilinunua mwenyewe."

Sasa na waniambie wale waliopiga makofi: huyu ni mtu wa kiyoyozi?

Neno hili la familia limeniudhi kuliko yote. Katika kijiji chetu, hata mtu anayeshukiwa kuiba kuku huitwa barazani. Wazee hukaa, mwenye kuku husema, naye hujibu, ndipo hukumu ije. Familia gani humfukuza mwana usiku kwa ujumbe, halafu ikafunga mlango asije akauliza sababu? Bwana asiyetaka kuitwa bwana ana hila. Ukimwita bwana, utamdai mshahara. Ukimwita ndugu, utaona haya kumdai.

Padri aliyetufundisha dini alitueleza mara nyingi habari ya mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa sawa walioanza asubuhi na walioanza jioni. Wengi hubishana juu ya yale malipo. Mimi siku hizi natazama mambo mengine. Mwenye shamba yule alikwenda sokoni mwenyewe, kwa miguu yake, tena zaidi ya mara moja. Wale wa asubuhi alipatana nao ujira kabla hawajashika jembe. Na jioni ilipofika, akalipa, siku ile ile. Hakujificha nyuma ya wakala. Hakusema kwamba wao si watumishi wake, ati ni washirika wake. Mambo hayo kampuni nyingi za leo zimeshindwa, nazo zina kompyuta, na yeye alikuwa na msimamizi mmoja tu.

Nasema washirika kwa sababu ndilo neno wanalotumia. Uber ilianza kazi Nairobi mwaka 2015, na nyingine zikafuata. Dereva ananunua gari au anakodi, ananunua petroli, anatia bima, naye huitwa mshirika. Lakini nauli hapangi yeye. Mwaka 2016 Uber ilipunguza nauli na madereva wakagoma. Washirika gani hugoma juu ya bei ambayo hawakuulizwa? Mwaka 2022 Serikali iliandika kanuni kwamba kampuni hizo zisichukue zaidi ya asilimia 18 ya nauli, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kumbe zilikuwa zikichukua zaidi. Abiria akishuka humpa dereva nyota katika simu. Nyota zikipungua, kampuni yaweza kumfungia, na akifungiwa, wa kujibizana naye ni mashine.

Ndugu wazee, mambo haya hamyajui? Babu zetu walivaa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kushikwa kwa nguvu 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka kumi na sita alipaswa kuwa nacho, ndani ya kikopo cha bati, kimefungwa kwa kamba shingoni. Alama za vidole zilikuwamo, na jina la aliyekuajiri, na mshahara wako. Ukitaka kuondoka, ilikulazimu bwana atie sahihi. Asipotia, hapana mwingine wa kukuchukua, na polisi waweza kukutafuta kama mtoro. Watu walikichukia kipande hata Harry Thuku alipokisema vibaya hadharani umati ukamfuata, akakamatwa mwaka 1922.

Nyota za leo ni kipande. Tofauti ni kwamba kile cha zamani ulikiona shingoni, na sahihi ya bwana uliisoma, na jina lake ulilijua. Hiki cha leo kinakaa mahali usipoweza kufika, na aliyekuandika vibaya ni abiria aliyekuwa amelewa, nawe hujui hata usiku gani.

Najua jibu litakaloletwa. Vijana wenyewe wataka uhuru, hawapendi kupigiwa kengele, mtu afanye kazi apendapo. Sitalicheka jibu hili, kwa kuwa lina kweli ndani yake. Vibarua wa bandari ya Mombasa nao walikuwa hivyo. Walichukuliwa kwa siku, na wengi wao waliipenda kazi ya siku, maana waliweza kufanya siku kadhaa katika mwezi kisha kwenda zao shambani. Lakini tazameni uhuru huo ulisimama juu ya nini. Ulisimama juu ya shamba. Mwenye mnazi na muhogo nyuma yake aweza kumwambia mnyapara, leo siji. Mpwa wangu katika chumba cha kupanga Nairobi, ambako hata maji ya kunywa hununua, uhuru wake ni wa kufanya nini? Wa kukataa kazi leo, afungiwe mlango kesho kwa ajili ya kodi.

Na hata wale wa Mombasa hawakukaa na uhuru wao wakaridhika. Mwezi wa Januari 1947 waligoma, watu wa bandari pamoja na watu wa reli, na matarishi, na watumishi wa nyumbani, watu kama 15,000 wakaufunga mji siku kumi na mbili. Hapakuwa na aliyeuliza nani ana kiti na nani ana gunia. Humo katika mgomo ndimo ilimozaliwa African Workers' Federation ya Chege Kibachia. Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa Baringo. Lakini mishahara ilipandishwa, kwa hukumu ya baraza la Jaji Thacker. (Ndiye Thacker yule yule aliyekaa Kapenguria, mbele kidogo ya Kitale, akamhukumu Kenyatta na wenzake mwaka 1953. Kwa hiyo msidhani ya kuwa alitoa nyongeza ile kwa mapenzi.) Katika miaka ya 1950 ile kazi ya kuokotwa kwa siku bandarini ikaanza kuondolewa, watu wakaandikwa.

Nataka sasa kueleza kampuni changa hizi huishi kwa nini, maana wengi hudhani mtu akifukuzwa ni kwa sababu biashara imekosa wanunuzi. Si hivyo kila mara. Kampuni hizi nyingi haziishi kwa faida ya kuuza. Zinaishi kwa fedha za matajiri wa nje wanaotaka kuona kampuni inakua upesi, ili sehemu yao ipande thamani waiuze. Fedha zikija, huajiri watu mia bila hesabu. Fedha zikikatika, huwafukuza. Mfanya kazi anakuwa kama kuni: hununuliwa moto ukitakiwa uwake, wala hapana anayezihesabu kuni zilizokwisha kuwaka.

Mwaka 2021 ilitokea Nairobi kampuni iitwayo Kune, ya Mfaransa mmoja aliyesema chakula cha bei nafuu ni shida kuonekana mjini. Watu wa Nairobi walicheka sana, maana kibanda cha maharage na chapati kiko kila kona. Akapata dola milioni 1. Kufika Juni 2022 imefungwa, na watu kama 90 wako nje. Kisha Copia, ambayo ilikuwa ikipeleka bidhaa vijijini kwa mawakala wa maduka madogo, na ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa matajiri. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa madeni, na wafanya kazi zaidi ya 1,000 wakapewa notisi. Mwaka huo huo, mwezi wa Machi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwapa vijana wa Kenya kazi za kufundisha mashine, iitwayo Remotasks, iliifunga nchi nzima mara moja. Vijana waliwasha kompyuta wakakuta mlango haupo.

Hebu mkumbuke na ya kwetu kabla ya kuwacheka. Mwaka 2006 njia hii tunayoitengeneza ilikodishwa kwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Wenzetu maelfu walipunguzwa wakati ule, nao waliambiwa maneno mazuri kama hayo hayo, ya mwelekeo mpya na ukuaji. Mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Haukutimiza hata nusu ya miaka yake. Na hapa jirani Webuye, bomba la moshi la Panpaper lilizimika 2009, tukaona mji mzima unavyoweza kukonda.

Lakini kisa ambacho kimenifungua macho ni cha wale wachujaji wa Facebook. Meta, wenye Facebook, waliipa kampuni iitwayo Sama kazi ya kutazama mambo machafu yanayowekwa katika mtandao na watu wa Afrika, ili yaondolewe. Vijana walikaa Nairobi siku nzima wakitazama watu wanaochinjwa na watoto wanaotendwa maovu, ili wewe na mimi tusione. Mwaka 2022 gazeti la TIME liliandika kwamba wengine walipata kama dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyeletwa kwa kazi hiyo, alijaribu mwaka 2019 kuwaunganisha wenzake. Alifukuzwa. Yeye asema ni kwa ajili ya chama, kampuni ilikana. Mei 2022 akaenda mahakamani, na mwaka 2023 wenzake 184 wakafuata kwa kesi yao.

Na Meta walijibuje? Walisema mahakama ya Kenya haina uwezo juu yao, kwa kuwa wao si waajiri wa watu hawa. Kazi walimpa mtu mwingine. Jibu hilo mnalijua, ndugu. Mtu anayekula nyama anasema hakumgusa ng'ombe, aliyechinja ni mwingine. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikawaambia kwamba waweza kushtakiwa hapa. Desemba 2024 ripoti za daktari zikaletwa mahakamani kwamba zaidi ya 140 kati ya wale vijana wana ugonjwa mzito wa akili unaotokana na mambo waliyoyaona. Watu wa viti vya kuzunguka! Mimi nimeona mguu wa mwenzangu ukipondwa na taruma, na mpaka leo huota. Hao waliona kifo kila siku, kwa zamu, na mtu nyuma yao akihesabu dakika.

Tarehe 1 Mei 2023, Sikukuu ya Wafanya Kazi, watu zaidi ya 150 wa kazi hizo walikutana Nairobi wakakata shauri la kuanzisha chama chao. Walikuwa wa Facebook, na wa TikTok, na wale waliokuwa wakiifundisha ile mashine ya ChatGPT. Hawakutungoja sisi. Na huko Uingereza madereva wa Uber walishtaki mpaka mahakama kuu kuliko zote, na Februari 2021 ikasema kwamba hao ni wafanya kazi, wana haki ya mshahara wa chini na likizo, hata karatasi ikiwaita washirika. Jina haligeuzi kazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nilitaka kuliruka.

Kila siku za mvua, njia inapoliwa na maji, huja vijana wa kontrakta. Mwawajua. Hawana viatu vya chuma, wengine huja na ndara. Hubeba kokoto zile zile na mataruma yale yale tubebayo sisi. Wapo waliorudi mwaka wa tatu sasa, kwa karatasi ya mwezi mmoja mmoja. Sisi tunakula chini ya mwembe, wao wanakula ng'ambo ya reli. Hakuna aliyetuamuru kukaa hivyo. Nami, mwandishi wa maneno haya, sijawahi kumwuliza hata mmoja wao kama anazo barua za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, na haki zake humfuata. Kifungu hicho tumekibandika ukutani ofisini. Ng'ambo ya reli hatujakipeleka.

Basi yule ndugu aliyesema "waache wajitafutie" alikuwa anasema jambo ambalo sisi sote tumekuwa tukilitenda. Alikuwa mkweli kuliko sisi.

Na msidhani wajanja wa kazi hawatuoni. Mwajiri yeyote akiona ya kuwa vijana wenye shahada wafanya kazi mwaka mzima bila barua, na hapana chama kinachopiga kelele, atauliza kwa nini mtu wa gengi mwenye darasa la nane apewe pensheni. Mkataba wetu ukimalizika, watakuja mezani na hesabu hiyo mkononi.

Katika mkutano nilisikia pia maneno ya sheria, kwamba chama chetu ni cha reli na hatuwezi kuandikisha watu wa kompyuta. Ni kweli. Lakini barua ile haikuomba kadi zetu. Iliomba chumba. Nimezungumza na vijana watatu kati yao, nao wameanza kuandikana majina katika simu wajiite chama. Hawajui ya kuwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka kwanza cheti kutoka kwa Msajili kabla ya kumwandikisha hata mtu mmoja. Wataanguka kwenye kizingiti, si kwa ujinga, maana wana elimu kutupita, ila hawajapita mlango huo. Sisi tumepita. Katibu wetu ajua fomu hiyo na ofisi yake. Akiwapa saa mbili tu za Jumamosi, atawaokolea mwaka.

Wengine wanahofia gharama. Taa moja na chai? Tulitumia zaidi ya hiyo kuchapa fulana za Mei.

Na kuhusu mpwa wangu, nilimwambia karatasi zake azitoe mkobani tuzisome pamoja na ile sheria, mimi kwa Kiswahili changu na yeye kwa Kiingereza chake. Tulikaa usiku mzima. Kifungu cha 42 chasema majaribio yasipite miezi sita, na kuongezwa si mpaka mtu mwenyewe akubali, hakuulizwa. Kifungu cha 41 chasema mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa makosa yake, na mwenzake awepo. Na ikiwa walimwondoa kwa sababu kazi imepungua, kifungu cha 40 chataka notisi ya mwezi mzima, kwake na kwa afisa wa kazi. Yeye alipata ujumbe wa saa nne na robo. Madai hayo sheria imeyapa miaka mitatu tangu siku ya kufukuzwa, na miwili imekwisha pita na zaidi, kwa sababu alikuwa anaona haya. Aliniambia ya kuwa alidhani kosa ni lake, hakuwa mwerevu wa kutosha. Shahada nzima, ndugu zangu, na hakuna mtu aliyemfundisha neno "notisi".

Kwa hiyo katika mkutano ujao nitaleta hoja, na nimekwisha kupata wa kuniunga mkono. Nitaomba vijana wale wapewe ofisi kila Jumamosi mchana. Nitaomba Katibu afuatane na mpwa wangu, na wengine wenye shauri kama lake, mpaka kwa afisa wa kazi hapa Bungoma, maana mtu akienda peke yake huambiwa arudi kesho. Na nitaomba wajumbe wawili wavuke ng'ambo ya reli na daftari, wakahesabu vijana wa kontrakta na miezi waliyofanya. Nimejitoa niwe mmoja wao. Wa pili napenda awe yule mzee wangu, kwa sababu watu wa njiani humsikia kuliko mimi, na nimemwendea nyumbani kumwambia hivyo kabla gazeti hili halijatoka. Hajanijibu. Alinipa chai.

Mkutano ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, ofisini. Mpwa wangu atakuwapo na ule mkoba wake. Nimemwambia akae safu ya mbele.

Mwanachama mwenzenu,
Mtu wa Gengi, Kibabii